Bunduki ya Mzee Silima Ilivyokoshwa

La, haikuibiwa. Nani kakwambia iliibiwa? Watu wa Chake hao, wakikosa habari hutunga yao. Bunduki ya Mzee Silima haikuibiwa wala haikuuzwa, baba. Ilikoshwa. Ndiyo, ilikoshwa, kama sufuria. Vuta hicho kibao ukae, maana mie nikisimulia mbiombio napotea mwenyewe.

Silima wa Vitongoji ndo mtu wa bunduki wa mwisho kule. Bunduki yenyewe ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati kama unavunja muwa. Unatia risasi nyuma, unaifunga, ka! Kairithi kwa babake, na kibali kina jina lake na la mwanawe Yussuf, kila kitu halali. Kazi yake nguruwe. Wale nguruwe mwitu wa maweni wakiingia shamba la mhogo hawali, wanalima. Asubuhi ukifika hujui kama palikuwa na mhogo au palipita katapila. Na nguruwe humli, humgusi, huna utakachomfanyia. Dawa yake ni risasi, na shimo la kumfukia.

Bunduki moja, lakini watu wa bunduki wengi! Kila alasiri barazani kwa Silima wanakutana. Hudhaifa, fundi wa pikipiki, hajapata kupiga risasi hata moja maishani mwake, lakini bunduki za dunia nzima anazijua kwa majina, kazisoma kwenye simu. Ishak, muadhini wa msikiti, umri mmoja na Silima, yeye kazi yake kwenye usasi ni kupiga debe kuwaswaga nguruwe, lakini ukimsikiliza utadhani alipigana vita vyote viwili vya Wazungu. Na Yussuf, ambaye ndo mpigaji hasa, hasemi kitu. Anakunywa kahawa, anacheka.

Basi Ijumaa moja wamekaa. Hudhaifa kamsogezea Silima simu usoni.

"Mzee, hebu itazame hino. Mtutu mfupi, kitako cha plastiki, inatema risasi thelathini hujapepesa jicho."

Silima akauelekeza uso kwenye simu, akakaa nao kidogo, akatikisa kichwa. "Naiona. Kitako kibaya. Plastiki itakupiga taya."

"Taya gani, Mzee, haina teke hino!"

"Bunduki isiyo na teke si bunduki, ni pampu ya baiskeli."

Watu wakacheka. Ishak naye akapata nafasi. "Nyie hamjui kitu. Babu yangu alikuwa na gobori. Unatia baruti mdomoni, unatia makumbi, unashindilia, unatia misumari ya viatu, unashindilia tena. Zamani hizo popo wanaliwa, hawajapigwa marufuku. Kalenga msufi mzima umejaa popo, kafyatua."

"Kaangusha wangapi?" akauliza Yussuf.

"Popo? Hapana. Kaangusha bati la skuli."

Ndo mazungumzo yao hayo, kila siku, na kila siku yanaishia kwenye mafuta. Bunduki ipakwe mafuta gani? Hudhaifa anasema ya injini. Ishak anasema ya cherehani, mepesi, hayagandi. Silima hataki kusikia. Yeye ni sifa tu, mafuta ya maini ya papa, yale wanayopaka wavuvi vyombo vyao. "Chuma kilichopakwa sifa kutu haikisogelei," anasema. Kweli haikisogelei. Na mtu pia hakisogelei, kwa ule uvundo. Mkewe, Bi Time, kashamkataza zamani kuilaza chumbani. Inalala ukumbini, imesimama kwenye kona.

Siku ile wanabishana mafuta, bunduki imeegemezwa ukutani, imepakwa sifa inang'aa. Na mbwa wa Hudhaifa, mbwa wa kuwindia, mwekundu, jina lake Shaba, yuko chini ya baraza. Mbwa na harufu ya samaki, unadhani itakuwaje? Bi Time katoka na sinia la vikombe, akapiga ukelele.

"Astaghfirullah! Baba Yussuf! Mbwa anairamba bunduki!"

Kweli. Shaba kaanza mdomoni kwenye mtutu, kashuka nao taratibu, macho kafumba, raha tupu. Hudhaifa akamfukuza kwa kiatu. Lakini ulimi ushapita.

"Imenajisika, haingii ndani hino," akasema Bi Time. "Nyumba hino inasaliwa."

"Nitaikosha mie," akasema Silima.

"Utaikosha weye, na uchafu ulipo utapajua?" Kisha kama aliyejizuia ulimi. "Iache hapo hapo. Nitaikosha mie mwenyewe kesho."

Na Jumamosi akaikosha, Silima yuko hitimani mtaa wa pili. Aliporudi akaikuta imeanikwa juani, kavu, haina harufu tena, akapaka sifa yake upya nje, mambo yakaisha. Hakuuliza.

Sasa kuna jambo ambalo pale barazani hakuna aliyelijua, au ndo alivyodhani Silima. Macho yake yalikuwa yanamwacha. Yalianza kama moshi wa jikoni, ukiyafikicha unaondoka. Halafu ukawa hauondoki. Watu akawajua kwa sauti, njia akaijua kwa nyayo, na vitu akavijua kwa yale wenzake wanayoyasema. Hudhaifa akisema plastiki, naye anasema plastiki. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Mtu wa bunduki asiyeona ni nani, baba? Wangekuja kumwamkia kwa heshima, wangekunywa kikombe kimoja, halafu baraza ingehamia kwa mwengine. Basi kanyamaza. Yeye hakuwa mpigaji tena, mpigaji Yussuf, akaona hakuna atakayedhurika.

Jumapili ndo siku ya kuwinda. Na kwa Silima kuna desturi zake. Ya kwanza, simu zote zinabaki nyumbani, zinatiwa kwenye pakacha barazani. Hino imekuja tangu simu ya Ishak ilipolia kichakani, nayo kaitilia adhana, nguruwe wakageuka wote na Ishak mwenyewe akaanza kuitikia. Ya pili, chakula kinapikwa, kinafunikwa kawa, na hakuna anayekigusa mpaka wote waliotoka wamerudi, hata kama mtu kachelewa kwa kutafuta kiatu chake. Na ya tatu, bunduki haitoki mpaka Silima aifungue, auinue mtutu kwenye jua, achungulie kutoka nyuma mpaka mdomoni. Babake alimfundisha hivyo. Babake alimuona mtu kwa macho yake aliyepoteza uso kwa sababu ya nyigu waliojenga kinyumba cha udongo ndani ya mtutu.

Jumapili hino watu wamesimama uwanjani, madebe mikononi. Silima akaikunja bunduki. Akauinua mtutu. Akachungulia. Ukungu. Akaugeuza kidogo, ukungu vilevile, mweupe, kama anatazama ndani ya tui. Pua yake ikapata harufu ya udongo, udongo mbichi wa kuchimbwa, akasema moyoni labda ni umande wa uwanjani. Watu wanangoja kimya. Ishak kakohoa.

Akatia risasi nyuma, ka! Akaifunga. "Safi," akasema. "Safi kama kioo."

Akampa Yussuf. Yussuf hakuondoka papo hapo. Silima alimsikia kucha yake ikigusa kile kichuma cha kufungulia, tik. Halafu ikaacha.

"Haya, bismillahi," akasema Yussuf, wakenda zao na mbwa wao.

Silima akabaki barazani peke yake. Ndani wanawake wanapika, Bi Time na Samiha, mke wa Yussuf. Wali wa nazi, mchuzi wa changu, na mhogo uliobaki baada ya nguruwe. Jua limempata magotini, anasikia raha. Akajipangusa pua kwa kiganja. Mkono ukanuka udongo.

Akaunusa tena. Umande hauna harufu hino. Umande unakauka. Akavisugua vidole, akasikia kama unga unga baina yao.

"Mama Yussuf."

"Labeka."

"Ile bunduki uliikosha vipi?"

"Dini inavyosema. Mara saba, moja kwa udongo."

"Nje?"

"Nje na ndani." Sauti yake inatoka jikoni pamoja na mlio wa mwiko. "Ulimi wa mbwa ulianzia mdomoni, mie niliuona. Sasa nitajuaje umefika wapi? Nikafanya ihtiyati, nisije nikaacha najisi."

"Ndani ulitia nini?"

"Si nimekwambia, udongo. Ule mwekundu wa kisimani, mzuri. Nikaukanda, nikaufungia kitambaa, nikasokomeza kwa kijiti. Halafu maji."

Silima kashika ukingo wa baraza. "Kitambaa kilitoka?"

Mwiko ukanyamaza.

"Kipande kilitoka," akasema Bi Time.

"Na kipande?"

"Kilinasa. Nikavuta, hakikuja. Nikasema kitatoka chenyewe ikilia." Kisha akaongeza, kama anayetaka kumpoza, "Lakini niliianika jua kutwa, ikakauka vizuri."

Ikakauka vizuri! Udongo wa kisimani ndo ule watu wanakandikia nyumba.

Silima kasimama. "Samiha! Mpigie mumeo! Mwambie asipige! Mtutu umeziba!"

Samiha katoka mbio, unga mikononi, akapiga. Simu ikalia pale pale, ndani ya pakacha, karibu na mguu wa Silima. Akampigia Hudhaifa. Pakacha likaanza muziki. Akampigia Ishak, na pakacha likatoa adhana. Walikuwa wamesimama wanalitazama, simu zinawaka na kupiga kelele kama vifaranga, hata Samiha akalia. "Zote ziko hapa, baba. Zote ziko hapa."

"Si ndo desturi," akasema Silima. Desturi kaiweka yeye.

"Basi nakwenda."

"Hwendi!"

"Baba, ni mume wangu!"

"Ndo maana hwendi. Yussuf kakaa kichakani, mtambo wa kufyatulia kaulaza, anangoja majani yatikisike. Ukiyatikisa weye kabla ya nguruwe?"

"Ataona mie ni mtu."

"Ataona. Na asipoona? Akikosa kukuua weye, atakuwa kafyatua, na mtutu umpasukie usoni. Yote mawili unayaleta."

Samiha akazunguka uwanja kama kuku. Bi Time keshatoka jikoni, mwiko mkononi. Yeye ndo aliyekumbuka msikiti. "Kipaza sauti! Kimbia, mwanangu, watangazie!" Samiha akakaza kanga akakimbia, wakamsikia nyayo zake mpaka zikapotea. Silima akahesabu moyoni, sasa kafika kwenye mlimao, sasa kafika kwenye birika la kutawadhia, sasa anafungua. Wakangoja sauti. Haikuja. Wakasikia nyayo zinarudi, zinakokota.

"Pamefungwa," akasema Samiha, anahema. "Ufunguo..."

Hakuna haja ya kumaliza. Ufunguo uko mfukoni mwa Shehe Ishak, na Shehe Ishak yuko maweni anapiga debe.

Bi Time akachukua sufuria tupu na mwiko, akaanza kuipiga kwa nguvu zake zote, anaita jina la mwanawe. Na kule mbali, baba, madebe yakaitikia. Wale wakadhani ni wenzao wamezidi kwa upande huu, nao wakazidisha.

"Acha, Mama Yussuf. Unawachangamsha."

Akaacha. Sufuria ikaning'inia mkononi.

Basi ikabaki masikio. Na masikio ya Silima yalikuwa yanaona kila kitu, hapo ndo pabaya. Yalimwambia madebe yamejipanga kutoka kwenye kile kilima cha mawe mpaka bondeni kwenye mikoko. Yalimwambia Ishak yuko mwisho wa kushoto, kwa sababu anapiga debe kama anapiga zumari, kwa mbwembwe. Yalimwambia mbwa yuko mbele, ananusa, hajaona. Na Yussuf yuko pale penye mwanya baina ya mawe mawili, kwa sababu hapo ndo Silima alipokuwa akikaa mwenyewe miaka yote, na ndo alipomkalisha mwanawe. Tangu moshi ule uyaingie macho yake hajapata kuona vizuri kama siku ile. Angeweza kunyoosha kidole: kule.

"Yussuuuf!" akaita. Sauti ya mzee ikafika kwenye mhogo, ikaanguka.

"Yussuf! Mwanangu! Usipige!"

Mbwa akabadilisha mlio. Ule wa kunusa mrefu ukawa mfupi mfupi, mkali, haraka. Hapo nguruwe keshatoka, anakimbilia mwanya. Silima kausikia mlio ule mara ngapi, na kila mara moyo wake unaruka kwa furaha, na hata siku ile, baba, uliruka kwanza kwa furaha, ndo akakumbuka.

"Sasa," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa anainua."

Ikalia.

Bunduki yake aliijua sauti. Nzito, bu!, kama mlango wa ghala. Hino ilikuwa pa!, kali, na kitu kikalia hewani kama waya uliokatika. Halafu madebe yakanyamaza moja moja, la Ishak mwisho. Halafu mbwa.

Samiha hakungoja kuambiwa tena, kashafika kwenye mhogo anakimbia. Silima hakumzuia. Hapakuwa na cha kuzuia tena.

Akakaa. Bi Time akakaa chini, kwenye mchanga, kitu asichokifanya mbele ya nyumba yake. "Nimemuua mwanangu," akasema.

"Si weye."

"Mie ndo niliyesokomeza."

"Na mie ndo niliyechungulia."

Bi Time akamgeukia. Kisha taratibu: "Na kweli ulichungulia. Niliona kutoka dirishani, uliuinua mpaka juani. Kitambaa chekundu kile, Baba Yussuf. Ulichungulia usikione?"

Silima akainamisha uso.

"Silima," akamwita kwa jina lake tupu, jambo ambalo hajalifanya tangu ndoa. "Huoni?"

"Sioni, Mama Yussuf."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi ya mwaka jana."

Akadhani atamlaumu. Mwanamke yule akavuta kanga yake akajifuta uso tu, na wote wawili wakabaki wameelekeza nyuso zao kule, mmoja anayeona na mmoja asiyeona, na hakuna aliyekuwa na faida kwa Yussuf kuliko mwenzake.

Pikipiki ya Hudhaifa ikawaka kule barabara ya juu. Silima akasikia imezama, imebeba watu watatu. Haikupinda kuja nyumbani. Ikanyoosha Chake kwenye hospitali, gia ya juu, mpaka ikaisha masikioni. Anayepelekwa mbio namna ile yuhai, akasema moyoni. Au wanaompeleka hawajajua.

Alikuja Ishak, kwa miguu, na mbwa nyuma yake, mkia chini. Neno lake la kwanza, Mungu amlipe, lilikuwa hilo: "Yuhai. Yuhai, Silima. Samiha kapanda nyuma, anamshika. Mkono wa kushoto umeumia, na sikio. Lakini anasema, anatukana hata, alhamdulillahi."

Akamwekea bunduki mapajani. Silima akaishika kitako, akapanda nao mtutu kwa kiganja, taratibu, kama unavyompapasa mgonjwa. Kilipobaki kiasi cha shibiri mbili kufika mdomoni chuma kimepasuka, kimefunguka nje nje kama ganda la ndizi. Inanuka nguo iliyoungua.

"Na nguruwe?" akauliza, kwa kukosa la kuuliza.

"Kapita baina ya miguu yangu," akasema Ishak. "Keshaingia kwenye mhogo wangu mwenyewe, yule mwanaharamu."

Adhuhuri ikapita. Wasasi wengine wakakaa barazani, wapo, hawasemi bunduki. Chakula kiko ndani kimefunikwa. Hakuna aliyesema njaa, ila Ishak kila upepo ukipita mlangoni anavuta pumzi ndefu, na Bi Time akamwambia, "Shehe Ishak, weye kula basi," naye akasema, "Hasha, mie nanusa tu."

Baada ya alasiri pikipiki ikarudi, polepole. Silima kasimama. Akasikia nyayo za Samiha, za Hudhaifa, na zile anazozitaka, zinaburura kidogo.

Mkono wa kushoto umefungwa mpaka kwenye kiwiko, kidole cha shahada wamekikata nusu. Sikio moja limetiwa pamba, na la pili linavuma tu, halishiki maneno. Hayo aliambiwa na Samiha, maana yeye alichokipata ni harufu ya dawa na bega la mwanawe.

"Yussuf," akasema. "Mwanangu. Sikuona."

"Eh?"

"Nasema sikuona."

"Sema kwa nguvu, baba, hayasikii haya!"

Watu wote wako pale. Baraza nzima, na jirani juu ya ukuta. Silima akajaribu kumvuta pembeni, amwambie sikioni, lakini sikio lenyewe halipo. Akageuka huku, akageuka kule. Akaona hakuna njia. Akafungua kinywa akapaza kama anaadhini.

"SIONI! Nilichungulia sikuona kitu! Sioni mtutu, sioni simu ya Hudhaifa, na uso wako sijauona tangu mwaka jana!"

Hata mbwa akainua kichwa.

"Najua!" akajibu Yussuf, naye anapiga kelele, maana kiziwi hajui sauti yake ina ukubwa gani. "Tangu siku ile uliyomwamkia mbuzi wa Bi Saada, ukamuuliza watoto hawajambo!"

"Unajua? Na mbona hukuifungua ukatazama mwenyewe?"

"Eh?"

"MBONA HUKUFUNGUA?"

Yussuf akashusha kichwa. "Mbele ya watu, baba? Weye ushasema safi, mie nifungue nyuma yako? Kidole nshakitia pale pa kufungulia, nikaona haya. Nikasema nitafungua nikifika kichakani. Nikafika, nikaanza kufungua, mbwa akabweka."

Hudhaifa akakohoa. "Na mie, Mzee, unisamehe. Ile simu Ijumaa ilikwisha chaji pale pale nilipokusogezea. Nilikuonyesha giza. Ukasema kitako kibaya, nikanyamaza."

"Mie sikujua," akasema Ishak. "Walla mie sikujua." Kisha akafikiri. "Ila mwezi uliopita ulinipa mkono wa pole, ukaupa mlango."

Mtu mmoja akacheka, akajikata. Silima yuko katikati yao, mikono imening'inia. Wote walijua. Kila mmoja kamstahi kwa upande wake, naye kawastahi kwa upande wake, na katikati ya heshima zao kipande kile cha kitambaa kikapita salama mpaka kichakani.

Huko kwenye mhogo kikasikika kishindo, na pumzi ile nzito. Nguruwe. Mchana kweupe, hawajapata kufanya hivyo. Watu wakageuza vichwa, mikono ya wawili watatu ikanyanyuka, halafu ikashuka. Wakaitazama bunduki pale ukutani, mdomo umechanuka. Kibali cha nyengine siku hizi hapewi mtu. Wangefanya nini, wawatukane? Wakabaki wanasikiliza shina linang'oka, na shina jengine.

"Chakula kimepoa," akasema Bi Time. "Wote wamerudi. Kaeni."

Wakatandika mkeka, Shaba akafukuzwa mpaka nyuma ya kisima. Kawa likainuliwa, wali umeshikana, mchuzi umeganda juu. Hakuna aliyenung'unika. Yussuf akakaa mkono wa kushoto ameukalisha gotini kama mtoto mchanga. Silima akabaki amesimama ukingoni mwa mkeka, kiatu kimoja kavua, hajui nafasi iko wapi. Siku zote alikuwa akikawia makusudi, akasikiliza wenzake wamekaa wapi, ndo akae. Leo hakusikiliza.

Bi Time akaja akamshika kiganja mbele ya watu wote, akamkalisha baina ya Yussuf na Ishak, akaupeleka mkono wake kwenye sinia.

"Hapa wali. Hapa samaki. Huku usiguse, miba."

"Eh?" akasema Yussuf.

"Si weye," akasema Samiha kwa sauti ya juu. "Kula."

Wakasema bismillahi, wakala.